Peugeot 504 ya Mzee: Irudishe Barabarani Bila Kukausha Mfuko

Je, 504 ya mzee bado imelala uani kule Dagoretti? Usiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Hili ndilo gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Tunakushauri hivi:

1. Anza na usalama: breki, usukani, matairi. Kisha injini. Kutu ikatwe kabla ya rangi, la sivyo rangi utailipia mara mbili.

2. Fungua akiba ya gari kwenye simu. Weka kidogo kila wiki, na usiiguse kwa mambo mengine.

3. Ukienda Kirinyaga Road kutafuta spea, beba ile ya zamani mlinganishe. Lipa kwa till ya duka, na usome jina kabla ya kuweka PIN.

4. Fundi mlipe kwa hatua. Breki zikishika, ndipo utume ya injini. Ukituma zote leo, gari linaweza kubaki juu ya mawe mwaka mzima.

5. Usifute ujumbe wa malipo. Ndio risiti yako mkibishana, na ndio utakaokuonyesha gari limekula pesa ngapi.

Pole pole tu. Tutakupigia makofi siku ya Concours pale Ngong Racecourse!