MAJANI YANAYOFUNIKA UDONGO WA SHABA

Wafanyakazi wenzetu, na ninyi akina mama wa kambini,

Mara nyingi tunasikia maneno haya: «Pale kwenye udongo wa mgodi pameota majani ya bure tu. Tuyang'oe, tupande lengalenga.» Tunawaomba: msiyang'oe! Somo letu la leo linaeleza sababu.

Tazameni Penga Penga, Lubumbashi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo ulipeleka moshi na vumbi lake upande huo. Miti ya pori ikafa, ardhi ikabaki wazi. Na udongo ulio wazi ni hatari. Wakati wa kiangazi vumbi lenye shaba, kobalti na risasi linaingia nyumbani, linatua juu ya chakula na katika mikono ya watoto. Wakati wa mvua, maji yanaubeba udongo huo mpaka mtoni.

Ni mmea gani utakaoufunika? Mimea mingi ikipandwa pale inakauka. Lakini vilima vya shaba vya Katanga vina mimea yao tangu zamani. Ua moja, Haumaniastrum katangense, linapenda shaba hata watafutaji wa madini walilifuata kama alama. Linaota pia mahali wazee wetu walipokuwa na tanuru zao za shaba. Na yako majani mafupi, Microchloa altera, yaliyoenea yenyewe pale Penga Penga. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuyapanda, pamoja na mbolea ya majani yaliyooza na chokaa ili kupunguza ukali wa shaba.

Sasa mshike neno hili: majani hayo yanafunika udongo, hayausafishi. Shaba bado iko chini. Mahali penye kijani si lazima pawe shamba.

Kwa hiyo:

1. Msing'oe majani hayo, wala msiyachome moto.

2. Mama, usilime lengalenga, matembele wala sombe juu ya udongo huo. Kuosha mboga kunaondoa vumbi la juu. Madini yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayatoki kwa maji.

3. Watoto wasichezee pale. Wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

4. Baba, vua nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto.

5. Fundi wa mashine, unapofungua shimo jipya, weka kando udongo wa juu. Ndani yake mna mbegu na mizizi ya mimea ya hapa; kazi ikiisha, utarudishwa juu.

Shaba inatulisha. Tusiiache iingie katika sahani zetu.