Damu, Koo na Hesabu ya Sauti Tatu

Wapenzi wa muziki wa kantri wana imani ya zamani kwamba wanaopatana kweli katika kuimba ni watu wa damu moja. Ushahidi hawaukosi. Agosti 1927, katika mji wa Bristol ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, Sara na Maybelle Carter waliimba mbele ya maikrofoni ya mtayarishaji wa rekodi Ralph Peer. Walikuwa binamu, tena wameolewa na ndugu wawili. Miaka ya 1980 Naomi Judd na bintiye Wynonna waliongeza ushahidi mwingine. Lakini mwaka 1953 wimbo mmoja ulioshika nafasi ya kwanza katika chati za kantri za Marekani uliimbwa na Davis Sisters, na hao hawakuwa dada hata kidogo. Betty Jack ndiye aliyekuwa Davis. Mwenzake Skeeter alizaliwa Mary Frances Penick, na walijuana shuleni huko Kentucky. Jina la kundi liliwaambia wasikilizaji kwamba hawa ni ndugu, na hakuna kilichosikika redioni cha kulikanusha.

Kama masikio ya nchi nzima yanaweza kusadiki udugu ambao haupo, basi hicho kinachoitwa damu ni kitu kinachopatikana hewani, na kilicho hewani kinapimika.

Tuanze na koo moja. Ndani ya zoloto mna nyuzi mbili za nyama, ambazo kwa mwanamke mzima hazifiki sentimita mbili kwa urefu. Pumzi ikipita katikati yake, hufunguka na kufunga mamia ya mara kwa sekunde, na kila zinapofunga huipiga hewa iliyo juu yake kishindo kidogo. Mfululizo wa vishindo hivyo ndio noti. Idadi yake kwa sekunde hupimwa kwa hezi. Mwimbaji akishika do ya hezi 264, nyuzi zake zimefunga mara 264 katika muda ambao saa ya ukutani imepiga tiki moja.

Hapo ndipo wengi hukomea, wakidhani noti ni namba moja. Kishindo cha koo si mtetemo laini. Kina kona, huanza polepole na kukatika ghafla. Mapema katika karne ya 19 Mfaransa Joseph Fourier alionyesha kwamba umbo lolote linalojirudia linaweza kuvunjwa kuwa mitetemo laini mingi, na kila mmoja ni kigawe cha ule wa msingi. Do yetu ya 264 kwa hiyo imebeba ndani yake 528, 792, 1056, 1320, na kuendelea juu huku nguvu ikipungua. Mitetemo hii huitwa hamoniki. Sikio huifunga yote pamoja na kutuambia tumesikia sauti moja ya mtu mmoja.

Sasa mlete mwanamke wa pili aimbe mi, na wa tatu aimbe so. Yeyote aliyefundishwa kwaya kwa do-re-mi anajua kwamba tatu hizi hukaa pamoja vizuri. Sababu yake imo katika hesabu. Mi iliyopatana na do yetu ni hezi 330, na so ni 396. Gawanya zote kwa 66, utapata 4, 5 na 6. Orodhesha hamoniki za kila mmoja uone zinavyokutana: ya tatu ya do ni 792, na ya pili ya so pia ni 792. Ya tano ya do ni 1320, na ya nne ya mi ni 1320. Ya sita ya mi ni 1980, sawasawa na ya tano ya so. Waimbaji watatu hawakuimba noti moja, na bado sehemu ya sauti zao imeangukia mahali pamoja kabisa. Huko ndiko kupatana, kwa maana ya fizikia.

Na zisipoangukia pamoja? Fikiria wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja, mmoja akiwa mwepesi kidogo kuliko mwenzake. Michi itapishana vizuri kwa muda, kisha itasogeleana, kisha itagonga pamoja kwa kishindo kikubwa, kisha itaachana tena. Mitetemo miwili iliyokaribiana hufanya vivyo hivyo: mmoja ukiwa 440 na mwingine 442, sauti huvimba na kunywea mara 2 kila sekunde, sawa na tofauti yao. Haya ni mapigo. Yakiwa mawili kwa sekunde hayasumbui. Yakizidi kumi sikio haliwezi tena kuyahesabu, linasikia ukwaruzo tu. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliijenga hoja hii katika kitabu chake cha mwaka 1863: ukali wa noti zisizopatana, alisema, ni mapigo ya hamoniki zake.

Gita, chombo kikuu cha kantri, lina kasoro hapo, ingawa ni kasoro ya makusudi. Vyuma vya shingo yake vimepangwa kwa kugawa oktavu hatua 12 zilizo sawa, ili mpigaji aweze kuanzia popote bila kufunga nyuzi upya. Bei ya uhuru huo hulipwa na mi. Ukianzia do ya 264, mi ya gita inatoka karibu 332.6, sio 330. Hamoniki yake ya nne inafika takriban 1330 wakati ya tano ya do iko 1320, na kati yake kuna mapigo kumi na ushei kila sekunde. Kwa gita si balaa, kwa kuwa uzi ukishapigwa sauti yake hufifia haraka. Koo linaloshikilia noti kwa sekunde nne haliponi hivyo. Lakini koo halina vyuma. Mwimbaji mwenye masikio makini huishusha mi yake kidogo, pengine bila kujua, mpaka ukwaruzo unyamaze, kisha anatulia hapo.

Hii ndiyo sababu uimbaji wa milima ya Appalachia, ulikochipukia muziki huu, unapenda noti iliyonyooka. Mwimbaji wa opera huitikisa sauti yake mara 5 hadi 7 kwa sekunde, na mtikisiko huo unaweza kufika nusu ya hatua moja ya piano juu na nusu chini. Kwenye mi ya 330 hiyo ni karibu hezi 10 kila upande. Hamoniki ya nne, ile inayotakiwa kukutana na ya do, inayumba basi kwa karibu hezi 40 juu na 40 chini. Haitulii penye 1320 hata kwa nukta moja. Simlaumu mwimbaji wa opera. Kazi yake ni kusikika peke yake juu ya okestra nzima. Wawili wanaotaka kuwa kitu kimoja wana kazi nyingine. Sikiliza rekodi za Hazel Dickens na Alice Gerrard za miaka ya 1960: sauti zimenyooshwa kama zilivyo, hazijapambwa wala kulainishwa, na kwa sababu hiyo zinagandana. Kuna wanaoziita sauti ngumu. Mimi nazipenda kuliko nyingi zilizorekodiwa baadaye kwa fedha nyingi zaidi.

Mpaka hapa hakuna nililosema ambalo wanaume hawawezi kulifanya. Lakini kuna jambo ambalo sauti za wanawake hulipata bure, nalo limo sikioni. Ndani ya sikio, katika koklea, kuna utando wenye urefu wa karibu milimita 35. Mitetemo ya juu huuchezesha upande wa mlangoni, ya chini huuchezesha upande wa mwisho. Mitetemo miwili ikikaribiana mno hugombania eneo moja la utando, na sikio linashindwa kuitenganisha. Chini ya hezi 500 hivi, upana wa eneo hilo ni kama hezi 100. Waholanzi Reinier Plomp na Willem Levelt walionyesha mwaka 1965 kwamba ukwaruzo huwa mkali zaidi pale tofauti ya noti mbili inapokuwa karibu robo ya upana huo, yaani hezi 25 hivi.

Weka wanaume wawili wa sauti ya nne, mmoja akiimba do ya hezi 110 na mwingine mi ya 137.5. Uwiano ni uleule, 4 kwa 5, hakuna aliyekosea. Lakini tofauti yao ni 27.5, na wameanguka palepale pabaya. Utasikia tope. Wanawake wetu wawili, 264 na 330, wameachana kwa hezi 66, na tope limeshajichuja kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana watunzi huacha nafasi pana kati ya besi na sauti inayofuata, na wanawake watatu wanaweza kubanana ndani ya noti tano tu, bila besi yoyote, na kila mmoja akasikika.

Hata hivyo wanawake watatu wanaweza kushika 264, 330 na 396 barabara na bado wasikike kama watu watatu waliokutana kituo cha basi. Kilichobaki ni mdomo.

Kutoka zoloto hadi midomoni ni bomba la karibu sentimita 14 au 15 kwa mwanamke, na 17 kwa mwanaume. Bomba lililofungwa upande mmoja hupenda mitetemo fulani na kuikuza. Ulimi na taya vikilibadilisha umbo, mapendeleo yake hubadilika, na mabadiliko hayo ndiyo tunayoyasikia kama irabu. Mwaka 1952 Gordon Peterson na Harold Barney wa Bell Labs walipima irabu za Wamarekani wanaume, wanawake na watoto. Kwa wanawake, a ya wazi ilikuza zaidi maeneo ya hezi 850 na 1220 kwa wastani, ilhali i ilikuza 310 na 2790.

Rudisha namba hizo kwenye noti zetu tatu. Sehemu mbili za chini za kukutania zilikuwa 792 na 1320. A inakuza 850 na 1220, jirani kabisa na zote mbili. I inapitisha nguvu kwenye noti za msingi, 264 na 330, kisha inaruka mbali juu. 792 na 1320 zinaachwa gizani. Waimbaji walewale, noti zilezile, lakini kwenye a kupatana kwao kunamulikwa, kwenye i kunafichwa. Na mmoja akiimba a huku mwingine akielekea e, mmoja anaikuza 1320 na mwingine anaipuuza, na sikio linagundua mara moja kwamba hapa kuna makoo mawili.

Tatizo la Kiingereza ni kwamba irabu zake nyingi hazikai mahali pamoja. Mtu huanza na a akamalizia na i ndani ya silabi moja. Watatu wakiteleza kwa nyakati tofauti, mchanganyiko hupasuka katikati ya noti. Lafudhi ya milimani na ya Kusini mwa Marekani kwa jumla imelitatua jambo hilo bila kukusudia: i ya mwisho huangushwa, a ikabaki ndefu na tulivu. Lafudhi iliyochekwa mijini kuwa ni ya kishamba inafaa kuliko nyingine kwa kuunganisha sauti. (Mwalimu wa kwaya anayefundisha kwa Kiswahili ana bahati kubwa zaidi: irabu tano, na hakuna inayohama.)

Kwa hiyo ndugu wana faida mbili. Wamerithi mabomba yanayokaribiana kwa urefu na umbo, na wamejifunza kusema katika nyumba moja. Ya kwanza huwezi kuinunua. Ya pili unaweza kuitafuta, na mfano mzuri ni albamu ya Trio ya mwaka 1987. Dolly Parton alikulia vilima vya Tennessee mashariki, Emmylou Harris alizaliwa Birmingham, Alabama, na Linda Ronstadt alitoka Tucson, Arizona, mbali na milima hiyo. Sauti zao hazikuendana hata kidogo zikiwa peke yake: ya Parton ilikuwa nyembamba yenye mtikisiko wa haraka, ya Harris ilikuwa na pumzi nyingi, ya Ronstadt ilikuwa na nguvu ya kujaza uwanja. Walijaribu kufanya albamu tangu miaka ya 1970, ratiba na kampuni za rekodi zikawazuia. Ilipotoka ilipata tuzo ya Grammy. Isikilize ukifuatilia irabu tu, uache maneno: pale wanapoingia pamoja, midomo mitatu imekubaliana irabu moja ni ipi.

Na Skeeter? Agosti 1953, wimbo wao ukiwa bado mpya, ajali ya gari ilimuua Betty Jack. Skeeter aliimba kwa muda na Georgia, dada halisi wa marehemu, kisha akaendelea peke yake. Wimbo wake wa The End of the World, ulioandaliwa na Chet Atkins na kufika nafasi ya 2 katika chati za pop na za kantri mwaka 1963, una sauti mbili za kike zinazoimba pamoja. Zote ni zake. Aliimba mara moja, kisha akaimba tena juu ya sauti yake mwenyewe kwenye utepe. Bomba ni lilelile, irabu ni zilezile, hakuna udugu wa karibu zaidi ya huo. Hata hivyo hamoniki hazikulingana kikamilifu, kwa sababu hakuna koo linaloweza kurudia kitu kilekile mara mbili hadi hezi ya mwisho. Tofauti ndogo iliyobaki hutoa mapigo ya polepole, yasiyofikia ukwaruzo, na sikio huyapokea kama unene wa sauti. Studio za Nashville zilishajua kuyauza.