Gari la Mbio la Magurudumu Manne: Somo la Msuguano na Mnato

Katika miji ya Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam si ajabu kuona gari dogo lenye tundu kubwa la hewa juu ya boneti, likinguruma kwa sauti nzito isiyolingana na umbo lake. Mara nyingi gari hilo huwa ni Subaru Impreza ya aina ya WRX, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Aliyelinunua hakulipata jipya, bali limepita mikononi mwa mtu mmoja au wawili huko Japani, likavuka bahari, na pengine likapita tena mikononi mwa watu watatu hapa kwetu. Vijana wengi wa shule hulitamani. Makala haya yanaeleza kwa nini gari la namna hii huenda kama liendavyo, kitu gani huliharibu, na mnunuzi achunguze nini kabla ya kutoa fedha zake. Hesabu zilizomo hazizidi fizikia ya kidato cha tatu na cha nne.

Kwa miaka mingi gari lenye kusukumwa na magurudumu yote manne lilikuwa chombo cha shamba na jeshi, kama vile Jeep na Land Rover. Mwaka 1966 kampuni ya Jensen ya Uingereza ilitoa gari la barabarani lenye mpango huo, lakini magari yaliyouzwa yalikuwa machache. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1980, Audi ilipoonyesha gari lake la quattro katika maonyesho ya Geneva. Hapa Afrika Mashariki mashindano ya Safari yalichelewa kusadiki: magari yenye kusukumwa na magurudumu mawili yaliendelea kushinda hadi mwaka 1986. Mwaka 1987 Hannu Mikkola alishinda kwa Audi 200 quattro, na tangu hapo mlango ulifungwa kwa magari ya namna ya zamani. Colin McRae alishinda Safari ya mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Heshima ya gari hili katika Kenya ina chanzo chake hapo.

Tuanze na msuguano. Injini haisukumi gari moja kwa moja. Inazungusha magurudumu, nayo tairi husukuma ardhi nyuma, na ardhi husukuma gari mbele. Kani kubwa kuliko zote inayoweza kupatikana kabla tairi haijateleza ni zao la kizio cha msuguano na uzito unaobebwa na tairi zinazosukuma. Uzito uliokalia magurudumu yasiyosukuma hausaidii lolote.

Tuchukue gari la kilo 1,250 lililo kwenye mlima wa udongo wenye mwinamo wa nyuzi 15, mvua ikiwa imekwisha nyesha na kizio cha msuguano kikiwa 0.4. Uzito wa gari ni nyutoni 12,250. Sehemu ya uzito inayolivuta gari kuteremka ni 12,250 mara saini ya nyuzi 15, yaani nyutoni 3,170 hivi. Kama magurudumu yote manne yanasukuma, kani ya juu kabisa ni 0.4 × 12,250 × kosaini ya nyuzi 15, yaani nyutoni 4,733. Gari litapanda, tena litabakiza nguvu. Kama yanayosukuma ni magurudumu ya mbele peke yake, nayo yanabeba asilimia 60 ya uzito, kani haizidi nyutoni 2,840. Hii ni pungufu ya ile inayohitajika, kwa hiyo gari litateleza papo hapo hata likiwa na injini ya lori. Kwa kweli hali yake ni mbaya zaidi, maana gari likielekea juu uzito huhamia nyuma.

Sasa mwalimu na awageuze wanafunzi wake, wateremke mlima uleule. Hapa ndipo penye hatari ambayo wauzaji hawaitaji. Katika kufunga breki, kila gari lina magurudumu manne! Gari letu la fahari halina hata nyutoni moja ya ziada kuliko teksi iliyochakaa. Kani ya breki ni nyutoni 4,733, mlima unavuta 3,170, na inayobaki ni 1,563 tu. Tukiigawa kwa kilo 1,250 tunapata upunguzaji wa mwendo wa mita 1.25 kwa sekunde kwa sekunde. Dereva aliye katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde, atahitaji mita 111 kabla ya kusimama. Katika tambarare yenye utelezi uleule angetumia mita 35. Dereva aliyepanda bila tabu hudhani kwamba barabara ni nzuri, kwa kuwa gari halikumpa dalili yoyote ya utelezi. Huijua barabara ilivyo wakati wa kushuka, naye yuko kwenye kona. Nimewahi kuwauliza wenye magari haya swali hili, na wengi walinijibu kwa uhakika kabisa kwamba magurudumu manne husaidia breki.

Tugeukie mitambo. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika Impreza ya kwanza umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 2.52. Kama katikati ya ekseli ya nyuma inachora duara la nusukipenyo cha mita 5, kanuni ya Pythagoras inatuonyesha kwamba katikati ya ekseli ya mbele inachora duara la mita 5.6. Kwa mzunguko mmoja kamili, mbele husafiri karibu mita 3.8 zaidi ya nyuma. Ekseli hizi mbili zikifungwa pamoja kwa chuma, tairi hazina budi kuburutwa, na juu ya lami kavu kitu fulani kitakatika. Kwa sababu hiyo huwekwa difu ya tatu, iliyo katikati, inayoziruhusu ekseli kuzunguka kwa mwendo tofauti.

Lakini difu hiyo ina udhaifu wake. Gurudumu moja likikanyaga tope na kuzunguka bure, nguvu yote hukimbilia huko. Katika WRX yenye gia za mkono udhaifu huu uliponywa kwa kiungo cha mnato. Ni kikopo kilichozibwa kabisa, chenye visahani vingi vyembamba vilivyotobolewa, vilivyopangwa kwa kupishana: kimoja cha upande wa mbele, kimoja cha upande wa nyuma. Kati yao mna mafuta mazito ya silikoni. Pande zote mbili zikizunguka kwa mwendo mmoja, mafuta hayafanyi kazi. Upande mmoja ukikimbia kuliko mwingine, mafuta hukatwa kati ya visahani, na mnato wake huuvuta ule unaobaki nyuma. Mwanafunzi anaweza kuionja kanuni hii kwa kusugua vipande viwili vya kioo vilivyopakwa asali: akivivuta polepole vinateleza, akivivuta kwa haraka vinakataa.

Mnato hugeuza mwendo kuwa joto, na hapa tairi zinaingia katika habari. Tuseme mwenye gari ana fedha za tairi mbili tu. Ananunua mbili mpya zenye meno ya milimita 8, anazifunga mbele, na nyuma anaacha za zamani zilizobaki na meno ya milimita 3. Tairi mpya ya 205/55 yenye rimu ya inchi 16 ina kipenyo cha milimita 631.9 na mzingo wa milimita 1,985. Ile ya zamani ina mzingo wa milimita 1,954. Macho hayaoni tofauti. Lakini katika safari ya kilomita 100 tairi ya mbele huzunguka mara 50,373 na ya nyuma mara 51,183. Tofauti ni mizunguko 810. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hiyo ni mizunguko 13.5 kwa dakika, na kwa kuwa difu za ekseli zina uwiano wa karibu 4, kiungo cha mnato hupata tofauti ya mizunguko 54 kwa dakika. Kama kiungo kinapinga kwa momenti ya nyutonimita 30, joto linalozaliwa ni wati 170, zaidi ya balbu mbili za wati 75 zikiwaka ndani ya kikopo kilichozibwa, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Hatimaye mafuta huharibika. Ama kiungo kinakuwa butu, ama kinashikana moja kwa moja, na kikishikana hakifunguki.

Kosa hili nililitenda mwenyewe kwa gari ambalo sitalitaja jina lake. Niliokoa bei ya tairi mbili, nikalipa bei ya giaboksi. Subaru inashauri kwamba mizingo ya tairi zote nne isitofautiane kwa zaidi ya robo ya inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Katika mfano wetu tofauti ni milimita 31.

Kwa hiyo mnunuzi aende na futi ya fundi cherehani. Auzungushie utepe mzingo wa kila tairi, katikati ya meno, upepo ukiwa sawa katika zote, na aandike vipimo. Kisha atafute uwanja mpana wa lami kavu, akate usukani hadi mwisho na kuliachia gari liende polepole sana kwa gia ya kwanza, injini ikiwa imekwisha pata joto. Gari zima litazunguka kwa ulaini. Likijikaza, likirukaruka, au likitaka kusimama lenyewe, kiungo kimeshikana, na muuzaji asiambiwe “bei ipungue kidogo” bali aagwe kwa heshima.

Injini inataka uangalifu wa aina nyingine. Ni ya silinda nne zilizolala, mbili kila upande, za lita 2, nayo ina turbo inayoendeshwa na moshi wa ekzosi na kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kifaa hiki kina faida kubwa katika nyanda za juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni karibu asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo, lakini turbo huifidia sehemu kubwa kwa kuzunguka kasi zaidi. Mafuta ya injini yakichelewa kubadilishwa, beringi zake ndizo hufa kwanza.

Petroli nayo ni jambo la kuangaliwa. WRX za soko la Japani zilipangiwa petroli bora ya huko, ambayo oktani yake hufikia 100. Petroli yetu ya kawaida ni ya 93 au 95. Petroli ya oktani ndogo hujiwasha yenyewe kabla ya wakati inapogandamizwa, na mshindo huo hupasua kingo za pistoni. Gari ambalo fundi wa mtaani ameliongezea mgandamizo wa turbo huwa katika hatari zaidi. Mnunuzi na adai kipimo cha mgandamizo wa silinda zote nne: namba zinazokaribiana ni muhimu kuliko namba kubwa, na silinda moja iliyo chini kwa zaidi ya asilimia 10 au 15 ni onyo. Aidha atazame chombo cha maji ya rejeta injini ikiunguruma, maana mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi iliyoungua. Mkanda wa taimingi, kama hakuna hati ya kuthibitisha kubadilishwa kwake, uhesabiwe kuwa haujabadilishwa, kwa sababu ukikatika valvu hugongana na pistoni.

Zoezi kwa darasa: pimeni mizingo ya tairi nne za gari lolote la shule, kisha kokotoeni tofauti ya mizunguko kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa safari ya kutoka shuleni kwenu hadi makao makuu ya mkoa au kaunti.