Kamera ya kwanza ya kazi kwa dola chache

Tuseme una dola 300, umezikusanya taratibu, na simu haikutoshi tena. Sikiliza kwanza kabla hujazitoa. Usizimalize zote kwenye kamera yenyewe. Tenga karibu nusu kwa lenzi ya pili, betri, kadi na chaja. Wengi hufanya kinyume: wananunua kamera mpya kwa sababu sanduku linang'aa, halafu harusi ya kwanza ikifika picha za ndani zinatoka giza na ukungu.

Anza na swali hili: nani atakulipa? Bukavu kazi zenyewe zinajulikana. Kuna harusi na sherehe za mahari. Kuna siku ya kupewa diploma kwenye vyuo vya UOB, UCB au ISP, familia nzima ikisubiri picha uwanjani. Kuna ubatizo na komunyo ya kwanza. Kuna mashirika yanayotaka picha za semina na za mashambani. Karibu zote ni picha za watu, na nyingi zinapigwa ndani ya nyumba, kanisani au ukumbini. Hilo ndilo linaloamua ununue nini.

Tazama kazi za Raissa Karama Rwizibuka wa hapa Bukavu. Tazama pia za Pamela Tulizo wa Goma, aliyeshinda tuzo ya Dior ya wapiga picha chipukizi mwaka 2020. Hesabu ni ngapi kati ya picha zao ni za mtu aliyesimama karibu na kamera. Huhitaji lenzi ndefu kama bomba kuanza kazi ya namna hiyo.

Sasa shida yako kubwa: mwanga. Ukumbi una taa mbili, SNEL wamekata umeme, jenereta inasuasua, na bibi arusi ndiyo anaingia. Lenzi ndogo ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake linaishia f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Mara kumi, mdogo wangu! Hakuna bodi, yaani kamera bila lenzi, ya bei yako itakayokupa tofauti hiyo.

Kwa Canon, tafuta EF 50mm f/1.8 STM. Ilipotoka mwaka 2015 bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 130, na ilikuwa mpya. Ya mkono wa pili inashuka chini ya hapo. Ile ya zamani ya f/1.8 II ina kelele na mwili wake ni plastiki tupu, lakini picha inatoa. Ukiipata rahisi, chukua.

Jambo moja ulijue mapema. Kwenye kamera za bei yetu, sensa ni ndogo, hivyo 50mm inavuta kama 80mm. Kwa sura ya mtu ni safi sana. Kwa picha ya familia kwenye sebule ya Kadutu, utagonga ukuta kwa mgongo kabla hujawaingiza wote. Kwa hiyo usiuze ile 18-55. Watoe watu nje, simama kivulini, piga kwa 18. Ukichagua Nikon, 35mm f/1.8G DX inakupa nafasi zaidi ndani ya nyumba.

Canon au Nikon? Chagua ile waliyo nayo wapiga picha unaowajua. Siku betri yako inakufa katikati ya harusi, rafiki mwenye kamera ya aina moja na yako ndiye atakayekuokoa. Lenzi pia mtaazimana. Canon wana faida nyingine: lenzi za EF zimetengenezwa tangu mwaka 1987, na zote zinaingia na kufokasi kwenye bodi za EOS za dijitali tunazozungumzia hapa. Nikon za ngazi ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi ya zamani ya AF-D itaingia vizuri, ila utaifokasi kwa mkono. Muuzaji asikudanganye kwenye hilo.

Sasa majina. Canon 600D ya mwaka 2011 na 700D ya mwaka 2013 ndizo ningekuelekeza kwanza. Zina megapikseli 18, zinatosha kuchapa picha ya ukubwa wa A3 bila aibu. Zina kioo kinachogeuka, na zina tundu la maikrofoni. Ukiweza kuongeza fedha kidogo, nenda kwenye 70D. Hiyo inafokasi vizuri sana kwenye vidio, na harusi za siku hizi bila vidio hazilipi vizuri. Upande wa Nikon, D7100 ni jembe: ina mota ya fokasi ndani, na shata yake imepimwa kwa mapigo 150,000.

Utaonyeshwa 4000D au 2000D mpya, bado zimo kwenye plastiki. Kuwa mwangalifu. Hazina tundu la maikrofoni. Na pale juu, mahali pa kuchomeka flashi, hazina pini ya katikati. Maana yake flashi nyingi za bei nafuu hazitawaka. 4000D hata pete ya kushikia lenzi ni ya plastiki. Ni kamera ya kupiga picha za nyumbani. Kwa kazi, 700D iliyotumika na kutunzwa inaishinda.

Mwingine atakuletea 5D Mark II na kukuambia ndiyo kamera ya wakubwa. Kweli ilikuwa hivyo mwaka 2008. Lakini inatumia kadi za CF, si SD, na kadi hizo kuzipata sasa ni tabu. Zumu nzuri zinazoifaa pia ni ghali. Iache kwa leo.

Na Sony A6000, ndogo na nzuri? Picha yake sina ubishi nayo. Hesabu betri: kwa kipimo cha watengenezaji, inapiga takriban picha 360 kwa chaji moja. 600D na 700D ni kama 440. 70D ni 920. D7100 ni 950. Kwenye mtaa unaokaa siku mbili bila umeme, tarakimu hizi zina uzito kuliko megapikseli. Nunua betri ya pili siku hiyohiyo unayonunua kamera, na tafuta chaja ya USB ya betri hiyo. Hiyo unaichomeka kwenye power bank au kwenye sola ya jirani, SNEL warudi au wasirudi.

Ukienda kununua, iwe maduka ya Nyawera, kwa mpiga picha anayebadilisha vifaa, au ng'ambo ya mto Ruzizi kule Kamembe, Rwanda, nenda mchana. Nenda na mtu mmoja. Beba noti za dola safi, maana iliyochanika hata ncha unajua itarudishwa. Beba kadi yako ya SD na simu yenye tochi. Mwambie muuzaji kwa heshima: «Papa, naomba nijaribu kwanza, niko na kadi yangu.» Akikukatalia kujaribu, aga uende zako.

Ukaguzi wenyewe usiuharakishe. Chomoa lenzi. Fungua tundu lake, washa tochi ya simu nyuma yake, na uchungulie kwa mbele ukiigeuza polepole. Vumbi kidogo si kitu. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba nyeupe, kama utando wa buibui umekwama ndani ya kioo. Hiyo ni kuvu. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, ziwa liko chini yetu, na mvua inanyesha kuanzia Septemba hadi Mei. Unyevu huo kuvu inaupenda. Lenzi yenye kuvu usiichukue hata kwa nusu bei.

Rudisha lenzi. Weka f/16, elekeza kamera kwenye anga au ukuta mweupe, fokasi ikiwa nje kabisa, upige. Kuza picha kwenye kioo. Madoa meusi machache ni vumbi la sensa, linasafishika, ila lishushe bei. Mkwaruzo mrefu hausafishiki. Kisha funika lenzi na upige sekunde mbili gizani: nukta moja mbili za rangi ni kawaida, zikijaa kama mtama uliomwagika acha.

Fokasi ipime hivi. Laza gazeti mezani, kaa pembeni, fungua 50mm hadi f/1.8, chagua neno moja katikati ya ukurasa upige. Kuza. Neno lile lile liwe kali, si mstari ulio mbele au nyuma yake. Rudia kwa neno jingine. Baada ya hapo shikilia kitufe, piga picha ishirini mfululizo, usikilize. Sauti iwe sawa mwanzo hadi mwisho. Bonyeza kila kitufe, zungusha kila gurudumu. Chomeka flashi uone inawaka. Toa betri: ikiwa imevimba au inaingia kwa kusukumwa, ihesabu kama haipo.

Uliza kamera imepiga picha ngapi. Kwa Nikon, idadi imeandikwa ndani ya faili la picha. Kwa Canon, utahitaji kompyuta, waya na programu ndogo. Shata za 600D, 700D na 70D zimepimwa kwa mapigo 100,000. Kuvuka hapo si kifo, wala kuwa chini yake si dhamana. Lakini harusi moja kubwa inakula elfu nzima bila taabu, kwa hiyo yenye 30,000 ni bora kuliko yenye 90,000 kwa bei ileile.

Kadi za kumbukumbu bandia ni nyingi, na zinaumiza kuliko kamera mbovu. Imeandikwa giga 64, kumbe ndani kuna 8. Picha zinaingia, zinaonekana, kisha zinapotea. Ukifika nyumbani, ijaze yote kwa programu ya bure ya H2testw kwenye kompyuta, hata ya kuazima, kabla hujaipeleka kwenye kazi ya mtu. Nunua mbili za giga 32 badala ya moja kubwa. Moja ikikwama, nusu ya harusi bado unayo.

Huna kompyuta? Usisubiri. Nunua kisoma kadi cha OTG, chomeka kwenye simu, rekebisha picha humo na mtumie mteja kwa WhatsApp. 70D ina Wi-Fi yake, 600D na 700D hazina. Piga JPEG kwa sasa. Siku utakapopata kompyuta, hamia RAW na pakua darktable ya kurekebishia picha, ni ya bure.

Kuhusu zumu ndefu, 75-300 ya Canon utaiona kila mahali kwa sababu ni rahisi. Haina kitu cha kutuliza mkono, na jioni picha zake zinatikisika. Kama unataka kwenda kupiga gorila wa Kahuzi-Biega, weka akiba taratibu kwa 55-250 IS STM. Hiyo ni ya mwaka wa pili.

Hifadhi kamera kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Usitumie mchele, unga wake unaingia kwenye viungo. Usiiache ndani ya mkoba uliolowa, hata usiku mmoja. Ukipanda pikipiki, mkoba ukae mbele yako chini ya koti la mvua.

Mtaani, omba ruhusa kabla ya kunyanyua kamera. Ukiwa na kazi ya siku nzima kwenye mtaa fulani, pita kwanza kwa mkuu wa mtaa umweleze. Hali ya mji tangu waasi walipoutwaa Februari 2025 unaijua: askari, vizuizi, mpaka na daraja la Ruzizi usivielekezee kamera, hata kwa mzaha. Hakuna picha ya hapo inayostahili kukupotezea vifaa au uhuru wako.

Kabla hujaondoka kwa muuzaji, dai karatasi iliyoandikwa jina la kamera, bei, tarehe na namba ya seri iliyo chini ya bodi. Linganisha namba hiyo na kamera uliyoshika. Ipige picha karatasi hiyo, ijitumie kwenye barua pepe, na nakala moja iache kwa mama nyumbani. Karatasi yenyewe utaihitaji kila ukivuka Ruzizi na kamera begani, pale forodhani watakapokuuliza uliinunua wapi.