SOMO LETU: KUNUNUA BEHEWA KUUKUU

Huko Marekani wako watu wenye mabehewa ya abiria yaliyo mali yao wenyewe. Mengi ni ya zamani, tangu kabla ya shirika la Amtrak kuanza kuendesha treni mwaka 1971.

Mwenye behewa hana kichwa cha treni. Hulipa Amtrak kwa kila maili ili livutwe pamoja na treni yao. Lakini kwanza behewa hukaguliwa, na kila mwaka hukaguliwa tena.

Mafundi hutazama nini?
1. Magurudumu, breki za upepo na chasi.
2. Umeme. Treni za Amtrak hutumia volti 480. Mabehewa ya zamani yalipashwa joto kwa mvuke, basi waya hutandikwa upya.
3. Choo. Zamani uchafu uliangukia relini. Sasa lazima tangi.
4. Asibesto kutani. Vumbi lake huleta kansa ya mapafu, hivyo huondolewa na mafundi waliofunzwa.

Je, behewa la bei ndogo ni rahisi? Hata kidogo! Rangi mpya haiponyi kutu ya chini. Ukinunua kwa macho tu, umenunua nyumba isiyotembea. Rahisi ghali.

Nasi tukitaka kununua trekta kuukuu la kijiji, tumwite fundi aingie chini yake. Tujumlishe bei na matengenezo, ndipo tutoe pesa.

MASWALI
1. Kwa nini waya za behewa hubadilishwa?
2. Taja gharama mbili zinazokuja baada ya kununua.