Kifungulio cha Praat: kuweka programu katika menyu ya Linux na kuipa jina la Kiswahili

Niliporudi Lubumbashi baada ya wiki mbili za kurekodi wasemaji wa Kiluba huko Likasi, salamu ya kwanza niliyopata katika chumba chetu cha ordinatere ilikuwa swali. Mwenzetu wa promosyo ya chini aliniuliza: "Yaya, ile programu uliificha wapi?"

Sikuificha. Praat ilikuwa palepale nilipoiweka, katika folda /opt/praat. Ila nilikuwa nimezoea kuifungua kwa kuandika amri katika terminali, na sikumwonyesha mtu. Katika menyu haikuonekana. Wenzangu walikuwa na kazi ya toni ya kurudisha wiki hiyo hiyo, wakatafuta, wakakosa, wakaandika toni kwa kusikiliza tu. Anayejua Kiluba anajua kwamba toni huko si pambo: inatenganisha maana. Kazi zilirudi zikiwa na alama nyekundu kuliko wino wa bluu. Kosa lilikuwa langu, na makala haya ni sehemu ya kulilipa.

Praat, programu ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, hupatikana kwa njia mbili kwenye Linux. Ukiisakinisha kutoka hazina ya Debian au Ubuntu, inaingia katika menyu yenyewe. Lakini ukiichukua katika tovuti ya watungaji wake, au ukiletewa kwenye flashi kama sisi ambao intaneti yetu ni ya kubahatisha, unapata faili moja tu iliyobanwa. Unaifungua, programu inafanya kazi, na menyu haina habari kwamba ipo.

Menyu haichunguzi diski ikitafuta programu. Inasoma mafaili madogo ya maandishi ambayo majina yake yanaishia na .desktop. Kila faili ni kitomeo kimoja, kama katika kamusi: neno, maelezo, aina, na mahali pa kulipata kitu chenyewe. Mimi nakiita kifungulio, kwa sababu ni kitu cha kufungulia, na kwa sababu shina hilo linamfaa anayesema "fungua" katika Kiswahili bora na anayesema "fungula" hapa kwetu.

Hiki ndicho kifungulio nilichoandika, kwa kihariri cha kawaida cha maandishi:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Praat
GenericName=Analyse de la parole
GenericName[sw]=Kichambuzi cha sauti
Comment=Mesurer le ton, la durée et les formants
Comment[sw]=Pima toni, urefu wa irabu na formanti
Exec=/opt/praat/praat
Icon=/opt/praat/praat.png
Terminal=false
Categories=Education;Humanities;X-Isimu;
Keywords=phonétique;voyelle;ton;
Keywords[sw]=fonetiki;sauti;irabu;toni;

Nililiita praat.desktop na kuliweka katika /usr/local/share/applications, ili kila anayeingia katika mashine alione. Hapo panahitaji ruhusa ya msimamizi. Kama ordinatere ni yako peke yako, folda ya ~/.local/share/applications inatosha, na huombi ruhusa kwa mtu. Picha ya Icon itafute mwenyewe. Bila picha kifungulio kinafanya kazi vilevile.

Mara ya kwanza nilibofya, na hakuna kilichotokea. Wala ujumbe wa kosa. Nilipoteza saa nzima kabla ya kuona kwamba katika mstari wa Exec nilikuwa nimeandika ~/praat/praat. Kile kiwimbi kinachomaanisha "nyumbani kwangu" kinaeleweka katika terminali, lakini kifungulio hakikitafsiri. Andika njia nzima kuanzia mkwaju wa kwanza. Kisha tumia amri ya desktop-file-validate ikifuatiwa na jina la faili: itakuonyesha mistari yenye makosa. Ndiyo iliyonikumbusha pia kwamba huwezi kuandika Comment[sw] bila kuwa na Comment tupu. Lazima pawe na mstari wa kuangukia.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi watu wa lugha.

Tazama tofauti ya Name na GenericName. Ya kwanza ni nomino ya pekee, ya pili ni nomino ya jumla. "Praat" ni neno la Kiholanzi lenye maana ya kusema, lakini hapa limekwisha kuwa jina, na jina halitafsiriwi. Anayesoma kitabu cha fonetiki atakuta "Praat" na lazima alione hivyo hivyo katika menyu. Kiswahili kinaingia katika jina la jumla, katika maelezo, na katika maneno ya kutafutia. Nimeona watu wakitafsiri Name yenyewe kwa kupenda lugha. Matokeo yake mwalimu anasema "fungueni Praat" na darasa zima linatafuta kitu ambacho hakipo.

Alama iliyo katika mabano ya mraba ndiyo yenye siri. Mashine iliyowekwa kwa Kiswahili cha Kongo, yaani sw_CD, inatafuta kwanza mstari wenye [sw_CD]. Ikikosa, inatafuta [sw]. Ikikosa tena, inachukua mstari usio na alama. Kwa maneno yetu: inatoka kwenye lahaja, inakwenda kwenye lugha, kisha kwenye chaguo la mwisho. Haivuki kamwe kutoka lahaja kwenda lahaja ndugu. Ukiandika [sw_TZ] peke yake, ukidhani Mkongomani atasaidika kwa kuwa Kiswahili ni kimoja, ataona Kifaransa. Ndiyo maana nimeandika [sw] tu, na nikachagua maneno ambayo mtu wa Lubumbashi, wa Bukavu na wa Dodoma wote watayaelewa. Kama siku moja tutataka maneno ya hapa kwetu, tutaongeza mstari wa [sw_CD] chini yake bila kumnyang'anya mwingine wake.

Mwenzangu mmoja alipendekeza [swc], ambayo kweli ni alama ya Kiswahili cha Kongo katika ISO 639-3. Kwa mwanaisimu ni sahihi. Kwa menyu ni neno geni: mashine iliyowekwa kwa sw haijui kwamba swc ni mtoto wake, itapita tu. Mwingine alitaka kuongeza Kiluba, akaandika [lua]. Hiyo ni Tshiluba ya Kasai. Kiluba cha Katanga ni [lu]. Herufi moja, na umewapa watu lugha ya majirani.

Lakini mashine zetu zimewekwa kwa Kifaransa. Na katika orodha ya lugha zinazokuja na mfumo, iliyo katika faili /usr/share/i18n/SUPPORTED, nilikuta sw_KE na sw_TZ, nikakuta hata ln_CD ya Lingala, ila sw_CD sikuikuta. Njia ya kupita ni mstari mmoja unaoongezwa mwishoni mwa faili ~/.profile:

export LANGUAGE=sw:fr

Maana yake: nipe Kiswahili kwanza, na kama hakipo nipe Kifaransa. Toka, ingia tena, na katika Xfce tunayoitumia menyu itaonyesha maelezo ya Kiswahili pale yalipoandikwa. Kwingine Kifaransa kinabaki kama kilivyokuwa, kwa hiyo hakuna anayepotea.

Limebaki suala la ngeli, yaani Categories. Orodha rasmi ya makundi ya menyu ina unajimu, kemia, jiolojia, historia, fasihi, hata michezo ya karata. Kuna kundi la Languages, lakini limeelezwa kuwa ni la programu za kujifunza lugha za kigeni. Isimu haimo. Mtu angeweza kuiweka Praat katika AudioVideo, maana inafungua sauti, lakini huko ingekaa kati ya vicheza muziki, na mwanafunzi asingeitafuta huko. Ni kama kiboko: umbo lake ni la ki-vi, lakini tunasema kiboko mkubwa, kwa sababu tunaangalia kiumbe chenyewe. Mimi nimeangalia kazi. Nimeiweka katika Education pamoja na Humanities, na nikaongeza kundi letu la X-Isimu. Kiambishi X- ndicho kinachoruhusu kundi ambalo halimo katika orodha rasmi.

X-Isimu peke yake haileti folda mpya katika menyu. Kwa hilo nilitumia programu ya MenuLibre: unaongeza folda, unaipa jina, unaburuta vifungulio ndani. Sasa katika folda ya Isimu tuna Praat, ELAN ya Max Planck ya Nijmegen, Audacity na LibreOffice Writer. Kifungulio cha ELAN kimeandikwa kwa namna ile ile, kwa kuwa nayo ilikuja kwenye flashi.

Kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Usifute mafaili ya /usr/share/applications, maana yatarudi programu zitakaposasishwa. Nakili faili katika ~/.local/share/applications kwa jina lile lile, ongeza mstari wa NoDisplay=true, na nakala yako itashinda ya mfumo. Kwa njia hiyo nimeficha michezo, kwangu mimi tu. Wengine na waamue wenyewe.

Jumatatu iliyopita nilimwona yule mwenzetu wa promosyo ya chini akiandika "toni" katika kisanduku cha kutafutia. Praat ikatokea. Hakugeuka kuniuliza kitu. Kilichobaki ni kifungulio cha FieldWorks, ambacho mashine moja kati ya nne inakikataa. Anayejua sababu anikute chumbani saa nane mchana.