Mapumziko ya Mwanafunzi na Haki ya Asiye na Makao

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Somo hili lawahusu vijana wanaosoma katika vyuo vikuu, na wazee wao wanaowasomesha. Swali lake ni hili: siku za kufungwa chuo, je, ni mali ya mwanafunzi peke yake, au kuna mwenye haki ndani yake? Mfano uliochaguliwa ni wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwani huko ule mwezi ambao mwanafunzi hupumzika ndio mwezi ambao mtoto wa mwenziwe hukimbia kwao.

KHABARI YENYEWE

Wakurya wanakaa Tarime na Serengeti, na jamaa zao wako ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Katika ada yao ya tohara watoto wa kike nao hukeketwa, na msimu mkubwa wa kazi hiyo ni mwezi wa Desemba, khasa katika miaka inayogawika kwa mbili. Desemba skuli zimefungwa. Mtoto hayuko mbele ya mwalimu wake. Yuko nyumbani, na ngariba yuko njiani. Msichana aliyekwisha kukeketwa huhisabiwa kuwa ni mtu mzima wa kuolewa, na mahari yake ni ng'ombe. Asiyekeketwa hudharauliwa, na ng'ombe wake hupungua. Kwa hivyo kisu na zizi vimefungwa kwa kamba moja, na ndiyo sababu ada hii ni nzito kuondoka.

Serikali ya Tanzania iliweka sheria mwaka 1998 kwamba kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au yote mawili. Pamoja na sheria hiyo, uchunguzi wa afya uliofanywa nchi nzima mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Na kwa nchi nzima ilikuwa 10 katika 100.

Basi wako wasichana wanaokimbia, na wengine hutoka usiku, kwa miguu. Mugumu, mji mkuu wa wilaya ya Serengeti, ilifunguliwa nyumba salama mwaka 2014 chini ya Kanisa la Anglikana. Msimamizi wake alikuwa Bi Rhobi Samwelly, ambaye naye alikeketwa alipokuwa msichana, akatokwa na damu mpaka akakaribia kufa. Na mwaka 2017 akaanzisha chama kiitwacho Hope for Girls and Women in Tanzania. Masanga, wilayani Tarime, kiko kituo kinachosimamiwa na masista wa Kikatoliki. Tena wanaotafuta himaya ya namna hii si wasichana peke yao, bali wamo na wake waliopigwa na waume zao, wakatoka na watoto wao.

Skuli zikikaribia kufunguliwa, wasimamizi pamoja na polisi na maafisa wa ustawi wa jamii huzungumza na wazazi. Wazazi wanaokubali hutia sahihi ahadi ya kwamba hawatamkata mtoto wao, naye hurejea kwao. Wanaokataa, mtoto wao hubaki, na huenda akabaki miaka. Huyo ana baba, ana mama, na kwao kuna nyumba na ng'ombe, wala hana pa kulala.

HUKUMU YAKE

Wanavyuoni wa madhhab ya Imamu Shafii wametaja katika mlango wa jihadi kwamba miongoni mwa fardhi za kifaya ni kuwaondolea watu madhara, kama kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, pale zaka na Baitul-mali zisipotosha. Na waliovisherehesha vitabu hivyo wakamuingiza na asiyekuwa Muislamu anayeishi katika amani. Fardhi ya kifaya maana yake ni kwamba wakiifanya baadhi ya watu kwa ukamilifu, dhambi huwaondokea wote. Na isipofanywa, dhambi huwafika wote walioweza. Na mwenye uwezo si mwenye mali tu. Mwenye siku 30 zisizo na kazi, na mikono mizima, na elimu kichwani, naye ni tajiri wa kitu ambacho nyumba ile inakihitaji.

Imepokewa khabari ya Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mungu zimfikie, alipotoka usiku nje ya Madina pamoja na Aslam, mtumishi wake. Waliona moto, wakamkuta mwanamke na watoto wake wanalia kwa njaa, na juu ya moto chungu cha maji matupu, awababaishe mpaka walale. Mwanamke yule akamlaumu Umar mbele ya Umar mwenyewe, asimjue. Umar akarudi mbio mpaka ghalani, akajitwika gunia la unga mgongoni. Na Aslam alipotaka kumpokea, akamuuliza kama siku ya Kiyama pia atambebea madhambi yake. Kisha akapika kwa mkono wake, akipuliza moto na moshi ukipita katika ndevu zake, wala hakuondoka mpaka watoto wakacheka wakalala.

Katika khabari hii mna mafunzo matatu. La kwanza, alikwenda mwenyewe. La pili, alifanya kazi iliyohitajika, nayo ni ya jikoni, wala hakuiona ndogo. La tatu, mwanamke alishiba bila ya kujua nani aliyemlisha.

SHUBUHA YA KWANZA: NYUMBA ZILE NI ZA WAKRISTO

Huenda mtu akasema: itakuwaje kijana wa Kiislamu akatumikie katika nyumba iliyoanzishwa na kanisa? Jawabu lake liko katika sira. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa kijana wa miaka kama 20, kabla ya kupewa utume, alihudhuria mapatano yaliyoitwa Hilful-Fudhul katika nyumba ya Abdallah bin Judaan. Sababu yake ni mfanya biashara mgeni kutoka Yaman aliyedhulumiwa Makka, na Makureshi wakaapa kumnusuru kila mwenye kudhulumiwa. Waliokula kiapo kile walikuwa washirikina. Na baada ya kuja Uislamu, Mtume aliyasifu mapatano yale, akasema kwamba lau angeitwa kwayo angeitika. Basi kumkinga aliyedhulumiwa ni kheri ambayo Muislamu hushirikiana na yeyote katika kuitenda, akibaki na dini yake, na sala zake, na mipaka yake.

SHUBUHA YA PILI: TOHARA YA WANAWAKE IMETAJWA VITABUNI

Hili ni swali la haki, na haifai kufichwa. Imamu Nawawi ametaja katika Majmuu kwamba kauli mashuhuri ya madhhab ni kuwa khitani ni wajibu kwa mwanamume na mwanamke. Na akataja kauli nyingine, kwamba kwa mwanamke ni sunna. Lakini yapasa kutazama mambo matatu. Kwanza, walioiwajibisha walikusudia kiasi kidogo kabisa, si ule ukataji unaomtoa msichana damu mpaka akafa. Pili, hadithi inayotegemewa khasa katika kukieleza kiasi hicho, mwenyewe Abu Daud aliyeipokea ameidhoofisha. Tatu, kanuni kubwa ya fikihi ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Na madhara yakithibiti kwa ushahidi wa matabibu, hukumu huyafuata. Ndiyo sababu wanavyuoni waliokutana Azhar, Misri, Novemba 2006, chini ya Mufti Ali Juma, walitangaza kwamba ukeketaji ni madhara yanayopasa kukomeshwa. Na juu ya yote, kinachofanywa Mara ni ada ya rika na mahari, hakikutoka katika kitabu chochote cha fikihi. Basi mtu asilitie kisu cha ngariba jina la Imamu Shafii.

ADABU ZA MWENYE KUJITOLEA

Ya kwanza ni idhini. Kijana asiende mpaka wazazi wake wameridhia na wenye nyumba wamemwita, kwani aliye na wazazi wanaomhitaji haachi fardhi yake ya aini akaikimbilia ya kifaya. Na aende na nauli yake na chakula chake, asije akawa yeye ndiye mgeni wa kutumikiwa.

Ya pili ni kutaka kazi, si cheo. Iko kazi ya kuwasomesha waliokatizwa masomo, ya cherehani, ya jembe, ya kuteka maji. Anayejua hisabu afundishe hisabu. Asiyejua kufundisha akate kuni.

Ya tatu ni sitara. Kumpiga picha msichana yule na kuieneza huenda kukawaonyesha wanaomtafuta mahali alipo. Tena huenda kesi ya baba yake iko mahakamani na yeye ndiye shahidi. Naye anampenda baba yake, na analia. Kijana asimchimbe kwa maswali, wala asimfundishe kuwachukia wazazi wake.

Ya nne ni kuepuka khalwa. Mwanamume asomeshe mahali pa wazi pamoja na mlezi wa kike, na usiku alale nje ya nyumba ile.

Ya tano ni kutokuinunua dini ya mtu kwa sahani ya chakula. Hakuna kulazimishana katika dini, na mwenye njaa akiambiwa kitu na anayemlisha, huko ni karibu na kulazimishwa.

Ya sita ni ahadi. Watoto waliofukuzwa na wao hushikamana upesi na kila mwenye kuwachekea. Asiahidi karo asiyoweza kuilipa, wala asiondoke kimya kimya. Awaambie mapema siku ya kuondoka, kisha awaage.

Na asiyeweza kusafiri asidhani mlango umefungwa. Tangu mwaka 2015 wako wenye kujitolea, na wanafunzi wa vyuo ni katika wao, ambao kwa picha zilizopigwa kutoka angani huchora ramani za vijiji vya Tanzania visivyokuwamo katika ramani, Mara ikiwemo. Kwa ramani hizo polisi na waokozi hupata njia ya kumfikia msichana aliyeomba msaada usiku. Kazi hiyo mtu huifanya akiwa Tanga au Mombasa.

MAS-ALA YA SADAKA

Mwenye kutaka kutoa mali ajue kwamba zaka katika madhhab ya Shafii hapewi ila Muislamu aliyemo katika mafungu manane. Ama sadaka ya khiari yajuzu kupewa asiyekuwa Muislamu, na ina thawabu. Basi atenge hii mbali na ile.

TANBIHI KWA WAZEE

Mtu hatangulii kuwalilia watoto wa Tarime na hali mtalaka wake analala barazani kwa watu. Mke aliyeachwa talaka ya rejea ana haki ya makao na chakula mpaka iishe eda; na aliyeachwa talaka isiyo na rejea, makao ya eda ni haki yake vile vile. Mwenyezi Mungu amelitaja hilo katika Suratut-Talaq. Watoto chakula chao na mavazi yao ni juu ya baba, na mtoto mdogo malezi yake ni ya mama. Anayemtoa mkewe na watoto kwa usiku mmoja, wakaenda kubisha milango ya majirani, naye amezidisha hisabu ya wasio na makao, ijapokuwa hakushika kisu. Na kijana aliyeona hayo nyumbani kwao, safari yake ya kheri ianzie hapo.

MASWALI YA KUDURUSI

1. Fardhi ya kifaya huwaondokea watu lini, na humbaki nani dhambi yake?
2. Hilful-Fudhul yatufunza nini juu ya kushirikiana na asiyekuwa Muislamu?
3. Kwa nini picha ya aliyekimbia ni khatari juu yake?
4. Mtalaka ana haki gani ya makao katika eda yake?

Mwenyezi Mungu awape makao walioyakosa, na azijaalie siku za vijana kuwa hoja yao wala zisiwe hoja juu yao. Amin. Wa billahi ttaufiq.